Acha, Usipeleke Mbele

Wiki iliyopita mdogo wangu aliyeko Makambako alirusha kwenye grupu la familia habari kwamba wanatengeneza Rambo nyingine, safari hii ya ujana wake, na kijana mmoja anaitwa Noah Centineo ndo atakuwa John Rambo. Watu wakaanza kuandika, wengine wamefurahi, wengine wanasema jamani mwacheni mzee Stallone, Rambo wetu wa siku zote, apumzike, mi nikaandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta, maana nilichotaka kusema hakienei kwenye grupu. Ndo nimekuja kukisemea hapa. Na kiukweli wala hakihusu hiyo mpya, kinahusu ile ya 2019, Rambo: Last Blood, ambayo nimeiangalia mara tatu mpaka mwisho na mara zote tatu nimenyanyuka na hasira, lakini mtu akija kuniambia ni picha mbaya tutagombana.

Nianzie mbali kidogo.

Nimekulia Mafinga. Kama hupajui, ukitoka Iringa mjini unaifuata barabara ya Mbeya, baridi inaanza kukuingia taratibu, na pembeni unaona miti ya paini imepangwa mistari mpaka macho yanachoka, huo ndo msitu wa Sao Hill, shamba kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unakaa juu ya barabara mpaka saa nne asubuhi, malori ya kwenda Tunduma yanapita taa zimewaka. Miaka ninayoisemea mimi, 1991 hivi, Tanzania bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa nacho tangu 1973, sisi huku tukasubiri mpaka ITV ilipoanza 1994, na hata ilipoanza, kufika milimani kwetu ilichukua muda wake. Kwa hiyo picha zote tulizijulia kwenye banda la video.

Banda letu lilikuwa nyuma ya soko, limejengwa kwa mabanzi, si unajua Mafinga ni mbao tu, ndani wametundika magunia kuziba mwanga, TV ya inchi 14 iko juu ya kabati, deki iko chini yake imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile kochi la sebuleni, na nje jenereta inaunguruma mpaka mabanzi yanatetemeka. Watoto shilingi 20 unakaa chini, wakubwa wanakaa kwenye mabenchi. Mlangoni kuna mama anachoma mahindi na wakati wa mvua kuna ulanzi pembeni. Kaka mwenye kuendesha deki ndo alikuwa mtafsiri pia, alifika kidato cha nne, anasimama na rimoti anatuambia nani kasema nini, na sehemu ambazo watu wanaongea tu bila kupigana anapeleka mbele, maana jenereta inakula mafuta na watu wamekuja kuona ngumi.

Mtoto wa kike kuonekana pale ilikuwa kesi ya kufikishwa mpaka kwa bibi. Mi sikuwahi kuingia. Nilikuwa nazisikia hadithi za Rambo kwa kaka zangu, jinsi anavyojishona mkono, jinsi anavyotokea kwenye matope, na kwa akili yangu ya miaka tisa nilishajua kabisa yuko wapi. Yuko Sao Hill. Msitu wa baridi, mvua, ukungu, mtu mmoja amejificha polisi wanamtafuta na mbwa, sasa ungekuwa wapi tena? Nilikuwa nikitumwa kuokota kuni naenda huku naangalia nyuma ya miti.

Sasa picha linaanza. Kuna jioni mama akanituma nikamwite baba mdogo aje kula.

Huyu baba mdogo ni mdogo wa mwisho wa baba yangu. Mwaka 1978, nduli Amin alipoingia Kagera mwezi wa kumi na Mwalimu akasema redioni kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, yeye alikuwa kijana, mgambo, akachukuliwa. Kule akafundishwa kuendesha lori, akaenda nalo mpaka Uganda, Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa huko huko, akarudi nyumbani mwaka uliofuata. Na aliporudi hakurudi sawasawa. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali, ila alikuwa halali ndani. Alijitengenezea kitanda kwenye ghala la mahindi, na hata kwenye ghala lenyewe unamkuta usiku wa manane amekaa mlangoni na blanketi mabegani. Hakai sehemu mgongo wake ukaangalia mlango. Sisi watoto tulifundishwa mapema, tena bila kupewa sababu, kwamba baba mdogo hajiwi kwa nyuma, ukimfuata mwite kwanza kwa jina ukiwa mbali. Kazi alizipata na kuzipoteza, kiwandani kwenye mbao, kwenye lori la mtu, sehemu moja walimpa kazi ya kufungua geti akakaa wiki mbili.

Nikafika pale bandani nikasimama mlangoni, kaka wa deki akanifukuza, na baba mdogo akasikia sauti yangu. Akanyoosha mkono gizani akanivuta, akanikalisha pembeni yake kwenye benchi. Nikasema, shikamoo baba mdogo, mama anasema chakula tayari. Akasema marahaba, tulia kwanza.

Ilikuwa First Blood, ile ya kwanza kabisa ya 1982. Nilikuta ndo imeanza, mtu anatembea na begi lake karibu na ziwa, anamkuta mama mmoja anaanika nguo, anamuulizia rafiki yake waliyekuwa naye vitani. Yule mama anamwambia amekufa. Kansa, kwa ajili ya dawa waliyokuwa wanapuliza kule Vietnam, ilimmaliza mpaka unaweza kumnyanyua kitandani kama mtoto. Hapo hata ngumi moja haijapigwa. Nimekuja kukua ndo nikaelewa kwamba picha nzima iko pale kwenye kamba ya nguo, mtu ametembea kote kule kumtafuta mtu wa mwisho anayemjua, na hayupo.

Mengine mnayajua, mkuu wa polisi anamtoa mjini kwa sababu ya sura yake na koti lake, anarudi, wanamkamata, wanamwagia maji, anatoroka. Msituni anaokota turubai limeoza, analitoboa katikati na kisu, analivaa. Sisi wote mle ndani tumejifunika mashuka na mablanketi na bado tunatetemeka, hakuna mtu aliyehitaji kutafsiriwa ile baridi. Baadaye sana nikasoma kwamba msitu ule uko Kanada, karibu na mji unaitwa Hope, na nilijisikia vibaya siku nzima.

Ila nataka niongelee mwisho. Pale mwishoni Rambo amebomoa mji, yuko ndani na kanali wake, yule Trautman, na anaanza kuongea. Kaka wa deki akanyoosha rimoti akasema hapa wanaongea tu, akapeleka mbele, watu kwenye TV wakaanza kukimbiakimbia na mistari myeupe.

Baba mdogo akasema, "Acha. Usipeleke mbele."

Hakupaza sauti. Yule kaka akasema mzee hapa hakuna kitu. Baba mdogo akasema rudisha. Na banda zima likakaa kimya, maana hakuna aliyewahi kumsikia akitaka kitu, na yule kaka akarudisha. Afu akatafsiri, vibaya vibaya, akikwama anarukia, ila nakumbuka alivyosema: kule niliaminiwa mashine za mamilioni, hapa kwetu hata kazi ya kupaki magari sipewi. Na ile ya rafiki yake na mtoto mwenye boksi la kung'arisha viatu lililokuwa na bomu ndani. Mwanaume mzima, yule mwenye misuli, kakaa chini analia kama mtoto kamshika kanali koti. Nikamwangalia baba mdogo. Mkono wake ulikuwa umeshika goti langu badala ya goti lake, nadhani hakujua, na ulikuwa mzito, na sikuutoa.

Tulirudi nyumbani chakula kimepoa na hakuna aliyetugombeza.

Sasa kuna jambo moja ambalo ukilijua unaiangalia hii familia ya picha kwa jicho lingine. Kwenye kitabu kilichotangulia, cha David Morrell, cha 1972, Rambo anakufa. Na kwenye picha pia walishatengeneza akifa, kwa risasi, mbele ya Trautman, wakawaonyesha watu kwanza kabla haijatoka rasmi, na watu wakachukia. Wakabadilisha. Tulikuwa na msemo wetu bandani, staringi hafi, nilidhani ni kanuni ya watoto wa Mafinga, kumbe na Wamarekani ndo walivyotaka. Mi nashukuru hakufa. Ila kwa kutokufa ndo wakapata pa kuendelea, na walivyoendelea walimchukua yule mtu wa kwenye turubai lililooza wakamfanya kitu kingine. Ya 1985 akarudishwa Vietnam na mishale ya kulipuka, ya 1988 wakampeleka Afghanistan. Hizo ndo zilimfanya awe mkubwa huku kwetu, vijana wote na vitambaa kichwani, mpaka mifuko ya nailoni ikaitwa rambo, unaenda dukani unaambiwa nikuwekee kwenye rambo? Jina la mtu aliyekataliwa kupita mjini likaingia kila jikoni. Ya pili naipenda kwa kitu kimoja tu, pale mwisho Trautman anamuuliza sasa utaishije, anajibu, siku kwa siku. Basi. Hiyo ndo sentensi ya mtu yule wa kwanza, imebaki mle ndani katikati ya mabomu.

Afu kimya cha miaka 20. Akarudi 2008, Stallone mwenyewe ndo mwongozaji, Burma, damu nyingi sana, kuna sehemu mpaka leo sizitazami. Ila dakika za mwisho za picha ile ni zawadi. Amerudi Marekani, amevaa lile koti kama la zamani na begi begani, anatembea barabarani anafika kwenye sanduku la barua limeandikwa jina la ukoo wake, anageuka, anaiingia njia ya nyumbani kwao, farasi pembeni, na kamera inabaki barabarani inamwacha aende. Nilisema asante. Yule mtu alianza 1982 akitembea kwenda kwa mtu ambaye hayupo, miaka 26 baadaye amepata pa kufikia. Mi kwangu lilikuwa limefungwa pale, lango na kila kitu.

Ndo maana niliposikia 2019 kuna nyingine nikaogopa. Mwaka ule ule, tarehe 1 mwezi wa sita, mifuko ya rambo ikapigwa marufuku nchi nzima, tukahamia kwenye mifuko mbadala, na mwezi wa tisa picha ikatoka Marekani. Mi wakati huo nishahamia Mbeya, nakaa Soweto, nikaenda kwa kijana anayeweka muvi kwenye flashi pale Kabwe nikamwambia niwekee ila usiniambie chochote. Nikaiweka kwenye droo. Nilikaa nayo wiki kadhaa.

Disemba baba mdogo akaja Mbeya kwa ajili ya kliniki ya macho. Alikuja na kapu lake la mahindi mabichi na ndani ya koti amebana karatasi zake zote, za hospitali, za jeshi, picha mbili, ziko kwenye mfuko wa rambo uliofifia mpaka umekuwa laini kama kitambaa. Nikamwambia baba mdogo hii imekatazwa, nikampa mfuko mbadala. Akashukuru, akautumbukiza ule wa rambo na karatasi zake humo humo ndani, akafunga. Usiku huo mvua inanyesha, watoto wamelala, nikamwambia ipo Rambo mpya, mzee sasa. Akavuta kiti, akakiweka pale ambapo anauona mlango na TV kwa pamoja.

Na hapa ndo shida yangu yote ilipo.

Nusu saa ya kwanza ya Last Blood ni kitu ambacho sikutegemea kukiona. Stallone ana miaka 73, nywele fupi, hana kitambaa kichwani, yuko kwenye shamba la marehemu baba yake Arizona anafundisha farasi. Anaishi na mama mtu mzima anaitwa Maria, na mjukuu wa Maria, binti anaitwa Gabriela, karibu aende chuo, na huyu binti anamwita anko. Picha nne zote hakuna mtu aliyewahi kumwita hivo. Aliitwa askari, aliitwa mashine, Trautman alimwita Johnny, na aliyeigiza Trautman, Richard Crenna, alifariki 2003, hakuna tena wa kumwita hivo. Sasa kuna mtoto anamtania. Amemfulia kisu kidogo cha kufungulia barua, zawadi ya chuo. Anameza vidonge vyake. Na chini ya shamba amechimba mahandaki, marefu, mwaka hadi mwaka, anashuka humo peke yake na vita vinamlia kichwani.

Nikasema, mmh, anawasubiri maadui.

Baba mdogo akasema, "Hapana. Huyo kachimba apate usingizi."

Aisee. Miaka yote ile ya ghala la mahindi, sijawahi kusikia neno moja, na akalisema hivo tu, macho kwenye TV.

Halafu picha ikapeleka mbele. Sina namna nyingine ya kulisema. Binti anaenda Meksiko kumtafuta baba aliyewatelekeza, anakamatwa na watu wa magenge, Rambo anamfuata, anapigwa, anarudi tena, anamtoa, na binti anafia kwenye gari wakiwa njiani kurudi. Wamemuumba mtoto, wakampa kicheko, wakampa chuo, wakampa anko, kumbe ni mafuta ya jenereta tu ili mzee awake tena. Mi ni yule binti. Mi ndo nilivutwa mkono gizani nikakalishwa kwenye benchi. Kwa hiyo pale kwenye gari, anapomwambia kwamba yeye ndo alimpa sababu ya kuwa nyumbani, nililia kwa uchungu na nilikasirika kwa wakati mmoja, kwa sababu maneno ni ya kweli kabisa na wameyaweka pale ambapo hawezi tena kuyasikia.

Baba mdogo akauliza, "Sasa mtoto wamemuulia nini?" Alikuwa anataka jibu. Sikuwa nalo.

Kinachofuata ni kuchinja. Yale mahandaki, yale ya usingizi, yanakuwa mitego, watu wanaingia wanakatwa mmoja mmoja, mkubwa wao anang'olewa moyo kifuani. Najua wapo waliofurahia na siwalaumu, mtu amelipa anataka kuona kisasi. Ila First Blood, ambayo watu wanaikumbuka kama picha ya vita, ina mtu mmoja tu anayekufa, anaanguka kutoka kwenye helikopta, na Rambo mwenyewe anasema hakutaka. Baba mdogo akanyanyuka katikati ya mitego, akaenda kusimama kibarazani akiangalia mvua. Morrell, mwenye kitabu chake, alitamka hadharani kwamba anaona aibu jina lake kuhusishwa na picha hii. Namwelewa. Kwa nusu ya pili namuunga mkono mikono miwili. Lakini nikiitupa yote nitakuwa nimetupa na ile sentensi ya usingizi, na ile sikuipata kwenye picha nyingine yoyote.

Na tena kuna pale mwishoni. Amekaa kibarazani kwenye kiti cha kubembea, amejeruhiwa, na sauti yake inasema kwamba amejaribu kurudi nyumbani ila hajawahi kufika. Sasa huyo ndo yule wa turubai, yule wa siku kwa siku, wamemrudisha dakika ya mwisho kabisa. Nikajiuliza kama mlijua, kama mlikuwa na sentensi hii mfukoni tangu mwanzo, kwa nini msingekaa nayo saa nzima na nusu? Mzee kwenye shamba, binti anaenda chuo anarudi likizo, mahandaki yanajaa maji ya mvua, mama Maria anagomba. Mi ningeiangalia. Hata kaka wa deki angepeleka mbele, mi ningesema rudisha. Na wanaoniambia kwamba Rambo bila vita si Rambo, nawaambia warudi wakamwangalie yule mama na kamba yake ya nguo.

Halafu nikaja kujua kwamba majumba ya sinema ya Marekani yalipewa toleo lililokatwa, dakika 89, na lile refu la dakika 101 lina mwanzo ambao wao hawakuuona, Rambo anasaidia kutafuta watu waliokwama milimani kwenye mvua na mafuriko, na hawaokoi wote. Wakakata hapo. Hapo ndo walipoona hakuna kitu.

Baba mdogo alirudi ndani kile kiti cha kubembea kikiwa bado kwenye TV. Akauliza, amekufa? Nikamwambia kuna sehemu wanamwonyesha anapanda farasi anaondoka. Akatikisa kichwa. Mvua ilikuwa imepungua. Nikajua sasa ataaga akalale, nilikuwa nimemtandikia chumba cha mbele, karibu na mlango.

Akasema, "Rudisha kule mwanzo, kwa farasi."

Nikarudisha. Tukaangalia tena, mzee na farasi, Maria mezani, binti anacheka, kile kisu cha barua. Hakuongea. Nikaenda nikachemsha chai, nikarudi, tukanywa. Binti alipoingia kwenye gari kwenda Meksiko akaweka kikombe chini.

"Zima hapo hapo."

Nikazima.